Baiskeli Moja, Kibali Kimoja, Ndugu Watatu

Sogeeni karibu, nina kesi. Kila ninapoisimulia watu huishia kubishana mpaka chai inapoa, na mimi mwenyewe imenichosha. Labda ninyi mtanipumzisha.

Kwembago ni mji wa milimani, barabara zake ni kupanda au kushuka tu, tambarare utaitafuta. Hapo waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa ni Shebughe, fundi. Mashine iliyolala miaka akiigusagusa na kuisikiliza, inaamka. Anayemfuata ni Mwasiti, mhudumu wa afya, anayewapelekea dawa wagonjwa wa kifua kikuu huko vijijini. Huyo ana pumzi za watu wawili, na barabara ya mlimani anaijua kona kwa kona. Kitinda mimba ni Tunu, mwalimu wa hesabu. Mguu wake wa kushoto ni mbovu tangu utotoni, lakini kwa ubishi hajapatikana wa kumweza. Mwambie jambo haliwezekani, atakaa hapo hapo mpaka umweleze kwa nini.

Marehemu baba yao aliwaachia baiskeli. Shebughe akapata mota ya skuta ya umeme iliyopata ajali, akaifunga kwenye gurudumu la nyuma, akaunga na betri chini ya kiti. Tangu hapo mlima ukawa si mlima. Asubuhi Tunu aliiendea shule, ng'ambo ya bonde. Akirudi mchana, Mwasiti aliichukua kwenda kwa wagonjwa. Jumamosi na Jumapili Shebughe aliipakia vyuma vyake akaenda kufufua mashine za kusaga. Hawakuwahi kugombea zamu.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Asubuhi moja Tunu alikuwa anapanda mwinuko wa sokoni, miguu imetulia, baiskeli inakwenda yenyewe. Trafiki akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Baiskeli, afande."

"Baiskeli inapanda mlima bila kukanyagwa? Hii ni pikipiki. Namba iko wapi? Leseni? Bima? Kofia ngumu?"

Baiskeli ikalala kituoni. Tunu akachechemea mpaka ofisi ya usajili kuomba namba. Karani akainama, akaitazama picha ya baiskeli kwenye simu ya Tunu, akacheka.

"Hii ina pedeli, mwalimu. Pikipiki gani ina pedeli? Siwezi kuisajili. Hii ni baiskeli."

"Basi niandikie hivyo nimpelekee afande."

"Siwezi kuandika. Baiskeli hatuhusiki nazo."

Akarudi kituoni. Afande akasema karani hajui kazi. Akarudi kwa karani. Karani akasema waing'oe pedeli, itakuwa pikipiki. Shebughe akaomba ruhusa, akazing'oa palepale uani kwa polisi. Wakarudi kwa karani, akauliza: namba ya injini? Haina injini, ina mota. Basi haisajiliki. Shebughe akazirudisha pedeli, jasho linamtoka. Tunu alitoka nje ya ile ofisi akaketi kwenye ngazi, akalia kwa hasira. Alikuwa tayari kutii sheria, ila hakuna aliyekuwa tayari kumwambia sheria yenyewe ni ipi.

Na huku nyumbani mambo yaliharibika. Mguu wa Tunu ulivimba kwa kutembea, darasa la saba likakaa bila hesabu, mwalimu mkuu akaanza kuulizia mtu mwingine. Shebughe aliitwa kwenye mashine mbili za kusaga, asiweze kufika na vyuma mgongoni. Mwasiti akatembea kwa miguu, lakini vijiji vya juu hakuvimaliza. Mzee mmoja huko alikosa dozi zake, akaanza tena kukohoa damu.

Habari ya yule mzee ndiyo iliyomwinua Tunu. Alikwenda wilayani na mguu wake uleule, akaomba asomewe kanuni za vyombo vya barabarani. Wakamwambia arudi kesho. Akasema atasubiria kesho hapohapo kwenye benchi. Mwishowe wakampa kitabu ajisomee, ili awaondokee. Akasoma mpaka akapata: chombo chenye pedeli, ambacho mota yake inasaidia tu wakati mtu anakanyaga, na inajizima kikishika kasi, kihesabiwe baiskeli. Hakihitaji namba wala leseni. Kikiwa kimeundwa na fundi wa mtaani, kikaguliwe na kupewa kibali.

Lakini baiskeli yao ilikuwa inakwenda bila kukanyagwa, kwa hiyo afande hakuwa amekosea kote. Afande akakubali itoke kituoni ikatengenezwe tu, na hapo ikawa zamu ya Shebughe. Mafundi wenzake walimwambia mota ile haifundishiki, anunue mpya. Akaifungua na kuifunga, akaiunguza waya, akaanza upya, hali vizuri. Akaja kuifanya itii mguu: ukikanyaga inakusukuma, ukiacha inanyamaza, ukikimbia sana inajizima.

Likabaki jaribio. Mkaguzi alitaka baiskeli ipande mwinuko wa sokoni na mzigo, ishuke upande wa pili, isimame kwenye mstari. Mguu wa Tunu ungeweza kuikanyaga bila mzigo, lakini kwa mzigo usingeweza, na Shebughe siku hiyo kifua kilimbana. Mwasiti akavaa kofia ngumu, akapanda. Mvua ikaanza. Kwenye kona ya mwisho ya mteremko lori likatanua likamjia upande wake. Wote waliokuwa chini walipiga kelele. Mwasiti akaibana baiskeli kwenye ukingo mwembamba wa lami, asianguke, asiende mtaroni, na akasimama mstarini.

"Hii ni baiskeli," akasema mkaguzi. Afande mwenyewe akapiga makofi.

Tunu alidhani yameisha. Wakamfuata mkaguzi ofisini kwake, afande naye, mkaguzi akatoa kibali, akafungua kalamu.

"Jina la mwendeshaji?"

"Tuko watatu," akasema Tunu.

"Chombo kimoja, kibali kimoja, jina moja. Likishaandikwa halibadilishwi mpaka mwaka uishe."

"Haiwezekani!"

Mkaguzi akageuza ukurasa, akamwonyesha. Ilikuwa imeandikwa kweli. Tunu akamgeukia afande. "Na akiipanda mwingine?"

"Nitaikamata tena, mwalimu. Sipendi, lakini nitaikamata."

Wakaangaliana. Shebughe ndiye aliyeanza. "Bila mimi hapa pangekuwa na baiskeli ya baba na kutu yake. Nimeiunda mara mbili."

"Kaka, bila mimi ungeiunda mara kumi na ingeozea kituoni," Tunu akajibu. "Na mimi ndiye nisiyeweza kutembea."

"Na mimi niliyetaka kufa pale konani, mbele yenu?" akasema Mwasiti, nguo zinachuruzika maji. "Halafu mnajua nani ananisubiri huko juu."

Tunu alitaka kusema, "Mwandike dada." Lakini akaona darasa lake, akauona mlima, asiliseme. Akachukia kanuni, akamchukia mkaguzi, na kwa dakika ile akawachukia hata ndugu zake, watu ambao hajawahi kugombana nao kwa ajili ya baiskeli hiyo hata siku moja.

"Amueni," mkaguzi akasema. "Nikifunga ofisi bila jina, inarudi kituoni."

Kalamu bado iko juu ya karatasi. Yupo aliyeiunda, yupo aliyeitafutia haki, yupo aliyeiponya barabarani. Ukimtoa mmoja, baiskeli haipo. Haya, jamaa zangu, kalamu nawakabidhi ninyi: mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewatazama vipi usoni?