Mashine Iliyokataa Kuigizwa

Leo nawaletea kesi, na sitaki mnirudishie bila hukumu. Ina watu wanne walio hai na mmoja aliyekufa, na huyo aliyekufa ndiye aliyewashtua wenzake wote.

Bi Mshai wa Wundanyi, mjane wa Mwalimu Mwadime, alijaliwa watoto watatu, kila mmoja na kipawa chake. Righa, mtu wa mitambo ya sauti redioni, alipewa sikio: sufuria ikichemka jikoni, yeye akiwa sebuleni hujua kama maji yanakaribia kukauka. Malemba, fundi wa televisheni kule Mwatate, alipewa mkono: kitu kilichokufa akikifungua, humweleza kilikufa vipi. Wakio, kifungua mimba, anaandika programu za kompyuta Mombasa. Huyo alipewa kichwa, na ukaidi wa kutosha vichwa viwili.

Mama yao alipewa sauti. Ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Zamani, watoto wakiwa wadogo, Mwalimu Mwadime alinunua kompyuta ya aina ile iliyounganishwa na televisheni, programu zake zikihifadhiwa kwenye kaseti. Shuleni alikofundisha hesabu kulikuwa na nyingine kama hiyo. Siku kwaya ilipokwenda kurekodiwa, Mwalimu alikuwa ameiinamia mashine yake, akasahau kabisa kwenda kumsikiliza mkewe. Bi Mshai alirudi anawaka.

"Basi huyo ndiye mkeo! Mwambie akupikie!"

Mwalimu akairudia mashine yake. Ungempa hesabu yoyote angekokotoa, lakini neno la kumtuliza mke hakulijua.

Siku chache baadaye Bi Mshai alikuta kaseti kwenye dirisha la jikoni, imeandikwa jina lake. Akadhani ni kwaya. Akaitia redioni, na alichokisikia kilimfanya aruke: mlio wa kukwaruza, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Akaelewa, au tuseme akadhani ameelewa. Mume wake anamkejeli! Anamwambia hivi ndivyo unavyoimba!

Asubuhi yake Mwalimu aliaga anakwenda Voi. "Mshai, ile kaseti uliiona?" Mkewe akaendelea kumenya ndizi, hata uso hakuuinua. Gari alilopanda Mwalimu lilipinduka njiani, na swali lake likabaki bila jibu.

Majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu alikulia mapajani mwa Bi Mshai mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Kaseti hakuweza kuitupa, wala hakuweza kuisikiliza. Mpaka juzi, watoto wote wakiwa nyumbani, alipojikaza akaitia redioni ili awaungamie alivyoagana na baba yao.

Mlio ulipoanza, Wakio alisimama wima.

"Mama, zima! Hiyo si kelele. Hiyo ni programu!"

Bi Mshai akaizima redio. Miaka yote ile alikuwa amemkasirikia mtu aliyekuwa akimwambia jambo. Jambo gani? Akaapa mbele ya wanawe: "Shamba mlishagawana. Mashine ya baba yenu sikuigawa kwa sababu nyote mliililia. Atakayenionyesha alichosema baba yenu, mashine ni yake." Na ahadi ni deni.

Righa ndiye aliyeanza, maana utepe ulikuwa umeota ukungu na sauti imefifia. Aliusafisha taratibu, akaurekodi upya, akaketi na vipande vilivyoharibika akivirejesha kimoja kimoja kwa kusikiliza. Pasingekuwa na sikio lake, kaseti ingebaki takataka.

Wakio akapokea. Kwa kuwa mashine ya baba ilikuwa haiwaki, alitumia emuleta, yaani programu inayoifanya laptopu ijifanye kompyuta ya zamani. Wote wakasogea. Skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maandishi:

HAPA SI KWANGU. SISEMI KITU.

Bi Mshai alijishika kifua. Righa alirudi nyuma akagonga kabati.

"Imejuaje?" alinong'ona. "Dada, imejuaje kwamba haiko ndani ya mashine yake?"

Wakio mwenyewe vinyweleo vilimsimama. Aliisoma programu mstari kwa mstari mpaka akaipata siri. "Inaiuliza mashine kuna nini mahali fulani ndani yake ambapo hapana kitu. Mashine nzima hujibu kwamba hapana kitu. Baba anataka jibu lenye kosa, la mashine mgonjwa kama yake, na jibu hilo ndilo ufunguo wa yote yaliyobaki. Hata ile ya shuleni ingefukuzwa."

Hapo Bi Mshai akakumbuka jinsi wanafunzi walivyokuwa wakinakili kila kaseti ya Mwalimu. Alichokuwa nacho Mwalimu kifuani hakutaka kichekwe na darasa zima.

Malemba akaifungua mashine ya baba. Ndani alikuta waya uliochomelewa kwa mkono, kazi ya Mwalimu mwenyewe alipoitengeneza ilipoharibika. "Huu ndio ugonjwa," alisema. "Unagusa njia ya skrini. Ukiiuliza mahali patupu, inachungulia picha inayopita na kujibu kwa hiyo, kama mtoto anayeibia jibu la mtihani kwa jirani." Aliihangaikia mpaka ikawaka, akapima majibu yake, akamaliza tu moshi ukatoka, kaseti haijatiwa bado. Mashine ikazima, na safari hii kwa kweli. Malemba alipiga ukelele kama aliyefiwa.

Kwa vipimo hivyo Wakio akaifundisha emuleta yake, iliyokuwa nzima kupita kiasi, kukosea kama mashine ya baba. Wakajaribu tena.

KARIBU NYUMBANI, ikaandika skrini.

Kisha ikasema. Ndiyo, ilisema! Sauti nyembamba yenye mikwaruzo, lakini ya Mwadime, kila mmoja akaijua: "Mshai. Nilikosa. Niimbie."

Kikombe kilimponyoka Bi Mshai kikavunjika. Ikafuata milio, pi, pi, pipi, na milio hiyo ilikuwa wimbo wa kwaya, ule ule aliokosa kuusikia. Aliupata wapi? Aliudaka kwa mkewe, alipokuwa akiuimba chini chini jikoni huku amemnunia. Bi Mshai alilia kwa sauti bila kuona haya.

Wimbo ulipokwisha, skrini ikauliza: TUMEPATANA? N AU H. Ndiyo au hapana, na kimraba kikawa kinawaka na kuzima, kikisubiri.

"Bonyeza, Mama," alisema Wakio.

"Kwanza niambieni mashine ni ya nani. Baba yenu alikuwa mtu wa haki. Simjibu nikiwa na deni."

Ndipo wakaanza. Righa akasema, "Bila utepe wangu mngefungua nini?" Wakio akasema, "Utepe ulikuwa safi na bado tulifukuzwa. Nani aliyesoma swali lake?" Malemba akasema, "Swali ulilijua, jibu ulitoa wapi?" Righa akamgeukia: "Wewe ndiye uliyeiua, kisha unaidai?" Malemba akajibu huku machozi yanamtoka: "Nimeiua ili baba aseme. Nani mwingine amelipa kitu? Wakio ana nyingine kwenye laptopu!"

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nalijua, msiniambie. Lakini mashine ni moja na haikatiki, na Bi Mshai ameinua kidole juu ya herufi N, hakishuki. Mwenye sikio, mwenye kichwa au mwenye mkono? Amueni upesi, jamani. Mume wake amesubiri vya kutosha.