Bi Eufemia na Kiu ya Jumapili

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba zamani, katika nchi ya Wanubi, kwenye mji mmoja kando ya mto Nile, aliishi mkunga mjane aitwaye Eufemia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Karibu katika kila nyumba ya mji ule mikono yake ilikuwa imepokea mtoto. Akishamwosha mtoto na kumfunika, humweleza mzazi habari za Yesu Masihi, kama mzazi anataka kusikia. Asiyetaka hakumlazimisha, alimpikia uji, akamwombea dua kimoyomoyo, akaenda zake.

Akaja liwali mpya, mwabudu masanamu, akapiga marufuku jina la Masihi kutajwa mbele ya asiye Mkristo. Wengi walinyamaza. Bi Eufemia hakunyamaza, na haikupita miezi mitatu akaitwa barazani.

Mlangoni alimkuta katibu wa liwali, naye ni mmoja wa watoto aliowapokea. Akamvuta kando. "Mama, nimeandika kwamba tangu marufuku itoke hujasema neno. Ukiulizwa, inamisha kichwa tu. Hutakuwa umesema uongo."

"Kichwa changu kitakuwa kimeusema," akajibu kwa upole. "Futa, mwanangu, nisije nikakuponza. Mungu akulipe kwa huruma yako."

Katibu akafuta huku machozi yakimtoka.

Liwali alimwuliza kama ni kweli ameivunja amri. "Ni kweli, Bwana Liwali," akasema. "Nimesema katika nyumba kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa jana adhuhuri."

"Ahidi kwamba hutarudia, uende nyumbani."

"Siwezi kuahidi nisilokusudia kulitimiza."

"Basi nitakupeleka jangwani, kwenye machimbo ya chumvi. Huko utamhubiria nani?"

"Kuna wafungwa wangapi?"

"Mia mbili na ushei."

"Amewahi kwenda mtu kuwaambia habari za Masihi?"

Liwali akacheka. "Nani aende jehanamu kuhubiri?"

"Basi nipeleke, Bwana Liwali."

Akapelekwa. Kule kila mfungwa alipewa vibuyu viwili vya maji kwa siku, na msimamizi akatangaza kwamba atakayelitaja jina lile atakosa maji siku hiyo. Bi Eufemia akatafakari, akaona mwili wake unaweza kustahimili siku moja katika juma bila maji. Ikawa siku sita anavunja chumvi huku akiomba kimyakimya. Siku ya Jumapili, maji yanapogawiwa, husimama na kumtaja Masihi kwa sauti, na maji yake humwagwa mchangani mbele ya macho yake.

Wafungwa walimcheka. Aliyewashinda wote kwa kejeli ni Ngoneni, mwanamke aliyefungwa kwa kumwua mumewe. "Bibi, huyo Mungu wako hata maji hakupi!"

Msidhani hakuumia. Aliumia, na kuna siku alilia. Lakini dua yake ilikuwa ile ile: "Ee Mola wangu, sikuombi unitoe hapa. Nipe mmoja tu." Mwaka ukapita, na wa pili ukapita, na huyo mmoja hakuonekana.

Jumapili moja aliamka ulimi umemvimba, moyo ukamwambia, leo pumzika, nani atakulaumu? Akapiga magoti, akaomba, akasimama. Siku hiyo alisimulia habari za mwizi aliyesulubiwa kando ya Bwana, aliyemwomba Bwana amkumbuke. Alipofika hapo sauti ikamkatika, akaanguka.

Ngoneni akaja na kibuyu chake. "Kunywa, bibi."

"Utaadhibiwa, mwanangu."

"Kunywa kwanza. Halafu niambie, yule mwizi alijibiwa nini?"

Msimamizi akapiga kelele kwamba atamnyima maji naye. Ngoneni akamgeukia. "Mwaga! Mwaga na ya kesho! Nimeua mtu mimi, niogope kiu? Nataka kujua mwizi alijibiwa nini!"

Bi Eufemia akanywa mafunda mawili. "Aliambiwa kwamba siku ile ile ataingia peponi pamoja na Bwana."

"Hata kama alikuwa amemwaga damu?"

"Pamoja na hayo yote, mwanangu."

Ngoneni akaketi mchangani kando yake.

Jumapili iliyofuata walisimama wanawake wawili, wakanyimwa maji wote wawili. Wafungwa wakawapitishia maji kwa siri, kisha waziwazi, hata msimamizi akachoka kumwaga.

Mwaka wa nne tarishi akaleta barua: bibi amesamehewa kwa sababu ya uzee wake, mradi anyamaze. Bi Eufemia akamrudishia. "Mfikishie Bwana Liwali shukrani zangu. Mwambie nina watu kumi na wanane wanaongoja ubatizo, na maji ya kuwabatizia bado tunayachanga kibuyu kwa kibuyu."

Akabaki kule hadi Mola alipomwita.

Ndugu zangu, sisi mitungi yetu imejaa, na tunanyamaza kwa kuogopa kuchekwa tu. Mja huyu wa Mungu aliomba apewe mtu mmoja, na kila juma alisimama kumtafuta. Tuombe vivyo hivyo, kisha tusimame.