Kikohozi na Gari Jeupe

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka katikati, pembe zimeliwa, na mgeni akija unaona haya kumkalisha juu yake. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na anayepita nao ametua kwako kidogo tu. Akinyanyuka, ananyanyuka nao. Wahenga walipotuonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, hawakusema kwamba mbacha ni mzuri. Walisema ni wako. Jambo hilo dogo ndilo lililomshinda Dobi kulielewa, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na wanaotaka kumwonea huruma na wamwonee. Hadithi hii haina huruma naye.

Dobi na mkewe walifanya kazi pamoja katika chumba kilichokuwa uani mwa nyumba yao. Yeye alifua na kutia wanga, mkewe alipiga pasi, na kwa sababu hiyo wateja walimwita Mama Pasi. Riziki yao ilitoka kwenye hoteli moja. Kila Jumatatu na Alhamisi walipeleka sare safi za wapishi na wahudumu, wakarudi na chafu. Walikuwa na sheria moja isiyovunjwa: nguo ikishapigwa pasi haikunjwi. Inaingia kwenye henga, inatundikwa, na inashuka siku ya kuvaliwa. Meneja wa hoteli aliwachagua kwa sheria hiyo tu, kwa maana alikuwa mtu wa kukagua kola kwa miwani na kurudisha sare kwa ajili ya kunjo moja.

Nguo hizo zilisafiri ndani ya gari dogo la mizigo, kuukuu, lililoitwa Kikohozi kwa jinsi lilivyokohoa asubuhi kabla ya kuwaka. Kaka yake Mama Pasi, fundi magari, alikuwa amechomelea mabomba mawili ya chuma chini ya paa, kutoka mbele mpaka nyuma, na sare arobaini zilining'inia humo bila kugusa sakafu. Mlango wa abiria ulikuwa na wazimu wake. Ili ufunguke, ilibidi uunyanyue kidogo, uupige kwa nyonga, ndipo uuvute. Bampa la mbele lilikuwa na kiraka cha rangi ya buluu.

Gari hilo lilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha Mama Pasi, baada ya miaka kumi na moja ya kupiga pasi mashuka ya hospitali akiwa amesimama. Lakini siku ya kuandikisha kadi alikuwa kitandani na mtoto mchanga, basi kadi ikaandikwa jina la mumewe. Mume na mke ni kitu kimoja, walisema. Maneno hayo ni matamu sana mpaka siku mmoja wao anapotaka kuuza.

Mwaka wa saba giaboksi ya Kikohozi ilianza kusaga. Fundi alilala chini ya gari nusu saa, akatoka na grisi mpaka masikioni.

"Giaboksi imekwisha," alisema. "Nikiwatafutia nyingine nzuri iliyotumika, gari hili litawatumikia miaka mitano tena. Akiba yenu inatosha. Au jibaneni mwaka mmoja, mnunue lingine lililotumika. Njia ni hizo mbili."

"Ipo ya tatu," Dobi alisema. "Kukodi. Gari jipya, unalipa kila mwezi."

Fundi alifuta mikono taratibu. "Kukodi si dhambi, shemeji. Mtu wa kwenda ofisini na kurudi, asiyetaka kujua hata spana inafananaje, huenda kukamfaa. Wewe gari ni chombo chako cha kazi. Utalipakia, utaligonga, utalitoboa. Wakikupa mkataba, usitie sahihi. Niletee niusome."

Dobi aliitikia kwa kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa mbali. Ukweli ni kwamba giaboksi haikumuuma. Kilichomuuma ni mlinzi wa geti la hoteli, ambaye kila Kikohozi lilipoingia aliziba masikio kwa mzaha na kulielekeza nyuma, kwenye mapipa ya taka, lisionekane na wageni. Dobi alikuwa amelimeza jambo hilo miaka saba na halikuwahi kushuka.

Wiki hiyohiyo akaja uani kijana wa kampuni ya kukodisha magari, mwenye tai na vitabu vya picha. Alicheka kabla hajasalimu, na Mama Pasi akambandika jina la Bwana Tabasamu palepale.

"Miaka mitatu, mama," alisema. "Gari jipya, jeupe, kiyoyozi ndani. Matengenezo ni juu yetu. Nyinyi ni kulipa kidogo kidogo tu."

Mama Pasi hakuiweka pasi chini. "Na baada ya miaka mitatu?"

"Mnalirudisha, mnachukua jipya zaidi!"

"Kwa hiyo nikishalipa miaka yote hiyo, mkononi ninabaki na nini?"

"Unabaki na amani ya moyo, mama."

"Amani ya moyo haibebi sare," Mama Pasi alijibu, akageuza kola.

Bwana Tabasamu akamgeukia Dobi, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mfanyabiashara wa hadhi yako. Mtu kama wewe kuonekana ndani ya gari lile. Dobi alivikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, na akainamisha kichwa kimkae vizuri.

Jumatano alitoka nyumbani akisema anakwenda kununua sabuni. Alirudi alasiri akipiga honi njia nzima, ndani ya gari jeupe lililonukia plastiki mpya. Alikuwa ametia sahihi kurasa kumi na nne bila kusoma hata moja, huku Bwana Tabasamu akimwonyesha kwa kidole pa kuandika. Mama Pasi alisimama mlangoni na kutazama nyuma ya lile gari, akidhani labda kuna lingine linafuata.

"Gari langu liko wapi?"

"Nimewaachia. Wamelikata kwenye malipo ya kutangulia, pamoja na ile akiba."

"Nauliza gari langu liko wapi."

"Lako?" Dobi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua amekosea na anataka kupita haraka. "Kwani kadi ina jina la nani?"

Kuna maneno yakishatoka hayarudi hata yakiombewa msamaha. Mama Pasi alifura kwa hasira, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa siku nne pasi ilisikika ikigongwa mezani kama nyundo, na mwenye kuipiga hakusema neno na mumewe. Nani angemlaumu? Mtu amechukua miaka kumi na moja ya miguu yako, akaenda kununulia kiyoyozi.

Sasa, gari jeupe lilikuwa zuri kweli, ila halikuwa na mabomba. Safari ya kwanza Dobi alitandika shuka safi na kulaza sare juu yake. Meneja alivaa miwani, akarudisha sare kumi na mbili. Safari ya pili akarudisha tisa, na safari hii alisema: "Mara nyingine ikitokea hivi, nitatafuta dobi mwingine. Sina ugomvi na nyinyi. Nataka nguo zilizonyooka."

Dobi alikimbia kwa shemeji yake kuazima keekee ya umeme.

"Wamekuruhusu kulitoboa?" fundi aliuliza.

"Shemeji, gari si linalala uani kwangu?"

"Mgeni naye hulala kwako, lakini humtogi masikio. Wamekuruhusu au hawajakuruhusu?"

"Wameruhusu," Dobi alisema, akiangalia pembeni.

Dobi mwingine yeyote angefanya hivyohivyo, maana mtu wa pasi akiona paa lolote, huona mahali pa kutundikia nguo. Alitoboa matundu manane, akafunga mabomba mawili kwa skrubu, akayajaribu kwa kuning'inia mwenyewe. Yalishika. Meneja akaridhika, mlinzi wa geti akaanza kupiga saluti, na kwa miezi miwili Dobi alitembea akiwa amevimba kichwa. Mama Pasi alimtazama tu. Alikuwa amerudi kuzungumza naye, lakini maneno ya kazi peke yake.

Mwezi wa tatu wakaitwa kwenye ukaguzi. Ulikuwa wa lazima, Alhamisi asubuhi, katika uwanja wa kampuni. Siku hiyo hoteli ilikuwa na mkutano mkubwa na sare zote zilitakiwa kufika kabla ya saa sita. Dobi alisema ukaguzi ni dakika tano. Wakapakia sare arobaini, wakaondoka pamoja.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo asiye na maneno. Alizunguka matairi, akafungua nyuma, akasogeza sare kwa mkono na kumulika paa kwa tochi. Akahesabu kimoyomoyo, kisha akaandika.

"Nani ametoboa?"

"Mimi," Dobi alisema kwa fahari. "Nimeliboresha."

Mkaguzi alimwita Bwana Tabasamu, naye akaja bila tabasamu. "Ukurasa wa tisa," alisema. "Hakuna kukata, kuchomelea wala kutoboa. Umeweka sahihi yako hapa, mzee. Mkataba umevunjika. Gari halitoki. Malipo ya kutangulia yatalipia paa."

"Basi nipeni gari langu la zamani!"

"Lile liliuzwa wiki ileile."

Vibarua wawili walikuwa wameanza kushusha sare. Mmoja alibeba fungu la makoti meupe ya wapishi na kutaka kulibwaga juu ya rundo la matairi.

"Usithubutu!" Mama Pasi alipiga kelele, na uwanja mzima ukageuka. "Weka mkono wako chini! Huo ni usiku na mchana wangu umeubeba! Chukueni gari lenu, chukueni na matundu yake, lakini nguo hizi hamzigusi!"

Alizishusha mwenyewe, kumi kwa kumi, akamjaza mumewe mikono mpaka puani, akabeba zilizobaki. Wakatoka nje, wakasimama kando ya barabara kwenye vumbi, watu wazima wawili waliofunikwa na nguo za watu wengine.

"Mke wangu," Dobi alianza.

"Usiniite. Inua mikono, zinaburuta."

Aliinua mikono.

"Nilisimama miaka kumi na moja," Mama Pasi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini, jambo lililomtisha mumewe zaidi. "Vifundo vya miguu yangu ndivyo vilivyonunua gari lile. Ukaliuza kwa sababu mlinzi wa geti alikucheka. Mlinzi wa geti! Hukulemewa na giaboksi wewe, ulilemewa na haya. Nina hasira nawe, na sitaki uniambie nitulie."

Dobi hakumwambia atulie. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo cha magari ya mizigo ya kukodi, wakavuka.

"Nataka gari lenye mahali pa kutundika nguo," Mama Pasi aliwaambia madereva.

Walicheka, kisha mmoja akasema, "Lipo moja, la Mzee Kofia. Lile linakuja."

Likaja taratibu, bila kukohoa hata kidogo. Lakini bampa lilikuwa na kiraka cha buluu, na Mama Pasi akauendea mlango wa abiria. Mzee mwenye kofia ya sufu alitoa kichwa dirishani.

"Subiri nishuke nikufungulie, mama. Mlango huo una wazimu—"

Mama Pasi alikuwa ameshaunyanyua, akaupiga kwa nyonga, akauvuta. Akaketi.

"Umejuaje?" Mzee Kofia aliuliza.

"Naujua."

Dobi alipanda nyuma na kutundika sare kwenye mabomba ya shemeji yake. Kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo kati yake na dereva, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Nililipata hapo kwenye uwanja kwa bei ya kutupa," Mzee Kofia alisimulia. "Tatizo giaboksi tu. Nikaweka nyingine, likawa kama hivi unavyoliona. Na mabomba haya yananiletea watu wa nguo kila siku. Aliyeliacha sijui alirogwa?"

"Hakurogwa," Mama Pasi alisema, bila kugeuka nyuma.

Walifika hotelini zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita. Mlinzi alifungua geti na macho yakamtoka. "Kikohozi! Kumbe lipo? Haya, kulekule kwenye mapipa." Meneja alipitisha miwani juu ya kola arobaini, hakurudisha hata moja. Kazi yao ilikuwa imeokolewa, na aliyeiokoa alikuwa ameegeshwa kando ya taka.

"Mlipe mwenye gari," Mama Pasi alimwambia mumewe.

Dobi alitoa nauli.

"Jumatatu nije?" Mzee Kofia aliuliza.

"Njoo. Na siku ukitaka kuliuza, baba, usimtafute huyu. Nitafute mimi. Kadi itaandikwa jina langu."

Mzee alimtazama mwanamke, akamtazama mwanamume aliyeinamisha uso, akaelewa. Aliwasha gari, likatoka getini kwa mwendo wake mzuri, na wao wakabaki na furushi la sare chafu, nalo lilikuwa zito.

"Mbona hatukumwambia atusubiri?" Dobi aliuliza.

"Gari ni lake. Ana wateja wengine."

Dobi alijitwika furushi kichwani. Jua lilikuwa utosini na nyumbani kulikuwa mbali. Alipofika nje ya geti alisimama kupumua, akasema kwa sauti iliyokauka, "Hata pole hunipi?"

"Pole nitakupa siku nikiwa nayo," Mama Pasi alisema, akimpita. "Leo nina neno hili tu, nawe ulifundishwa ukiwa shule: usiache mbachao kwa msala upitao."