Nkwimba Aliyeuzima Moto wa Mama Yake

Kaeni, kaeni. Holo, sogeza ungo, maharage yanamwagika. Haya, mikono ipukuchue, masikio yaje kwangu. Palikuwa na kale, kale ikawa na watu, watu wakawa na midomo mirefu kama yenu, ndiyo maana kisa kimenifikia. Bibi yangu alikisikia kwa bibi yake. Huyo naye alikitoa wapi? Sikumkuta nimuulize.

Kale hiyo, juu kwenye mawe, aliishi mjane aitwaye Minza, na binti yake wa pekee, Nkwimba. Watu wa mawe walijenga mbalimbali, nyumba hapa, nyumba kule, katikati upepo tu. Kila nyumba na moto wake. Moto hauombwi, moto haugawiwi. Ukimpa mtu moto, walisema, umempa na baraka za nyumba yako. Mnacheka? Na ninyi mna mambo yenu, nikiyataja hapa mtajificha.

Nkwimba akaolewa na Luhende, mtu wa mbugani, mwendo wa siku saba. Asubuhi ya kuondoka, Minza akachota makaa jikoni, akayatia kwenye chungu kidogo, akayafukia kwa majivu. Hakulia. Wanawake wa mawe hawakulia mbele ya mtu.

"Nkwimba."

"Abee, mama."

"Huu ni moto wa bibi yako. Utunze moto wako, usiombe wa mtu. Rudia."

"Nitautunza moto wangu, sitaomba wa mtu."

"Haya, nenda. Usigeuke."

Hakugeuka. Akatembea, akatembea, chungu kifuani, akikipulizia njia nzima kama mtu anayebembeleza mtoto. Na mama yake? Alirudi ndani. Akasonga ugali wa watu wawili, akala wa mtu mmoja. Siku ya pili vivyo hivyo. Mkono ulikuwa umezoea.

Sasa sikilizeni. Mbugani kuna nini? Nyasi! Nyasi mpaka macho yachoke. Cheche moja, kijiji chote jivu. Kwa hiyo watu wa kule walizima moto jua likizama, nyumba zote, isipokuwa moja, kwa zamu. Leo moto unakesha kwa huyu, kesho kwa yule. Kukipambazuka, wanawake hao, kila mmoja na kigae chake cha chungu kilichovunjika.

"Hodi! Jiko langu limelala!"

"Karibu, langu liko macho!"

Wanachota makaa, wanakaa, wanacheka. Nani anaumwa, nani ana mimba, mume wa nani anakoroma kama kiboko, yote yalijulikana pale kwenye moto.

Nkwimba hakwenda. Aende kufanya nini? Wake ulikuwa unawaka.

Asubuhi ya kwanza jirani yake, bibi kizee Sayi, akamwita: "Bibi harusi! Huna kigae? Njoo nikupe!"

"Ahsante, mama, nina moto wangu."

Ya pili: "Bado tu unao?"

"Bado, mama."

Ya tatu hawakuita. Wakapita. "Analala na moto, huyo, atatuchoma." "Anajiona." "Mwacheni. Aamkiane na moto wake."

Luhende akamwambia, "Mke wangu, huku tunazima." Nkwimba akajibu, "Mama alisema." Luhende alimpenda, hakumlazimisha.

Na kweli, wanangu, akawa anaamkiana nao. "Umeamkaje, moto?" Moto unajibu pwa, pwa. "Nami sijambo." Msimu ukapita, akashika mimba. Tumbo likakua. Luhende akaenda kutafuta chumvi, safari ya mwezi mzima, akabaki yeye na moto.

Asubuhi moja tumbo likambana. Halikubana sana, lilimwonya tu. Nje wanawake wanapita na vigae, wanacheka. Nkwimba akasimama mlangoni, hakuna aliyegeuza shingo. Akajiuliza: "Siku ikifika, nitamwita nani? Moto utampokea mtoto?"

Akarudi ndani. Akachukua kata ya maji. Akasimama nayo juu ya moto. Akaimwaga.

Chwiii! Moto wa bibi yake ukalia, naye akalia nao. Machozi aliyoyaacha kwenye mawe yakamkuta huko.

Akaokota kigae, akatoka. Zamu ilikuwa ya Sayi.

"Hodi. Jiko langu limelala."

Kicheko kikakatika. Sayi akamtazama. "Limelala, au umelilaza?"

"Nimelilaza mwenyewe, mama."

"Ehee! Mimba kama mtungi, na hukutuambia! Ulitaka uzae na nani, na mafiga? Kaa hapa. Nani ampe kigoda? Wewe mwenye makalio mapana, inuka!"

Wakacheka, naye akacheka. Siku ya tatu akajifungua, wanawake saba wakimshika.

Mtoto alipoanza kukaa, Nkwimba akambeba mgongoni, siku saba, mpaka kwenye mawe. Alimkuta Minza mbele ya moto wake, peke yake, amekuwa mdogo kama kifaranga.

"Mama, niadhibu. Niliuzima."

Akamweleza yote. Minza akampakata mjukuu. Kisha akasema, "Nilikupa neno nililopewa. Sikuwahi kufika mbugani, mwanangu. Nao huu wangu haujazimika hata siku moja, na tangu uondoke hakuna aliyeingia mlango huu." Akakohoa. "Hebu, huko wakiomba moto wanasemaje?"

"Wanasema, hodi, jiko langu limelala."

Minza akamrudishia mtoto. Akaokota kigae, akatoka, akavuka upepo ule mpaka nyumba ya pili, aliyokuwa hajabisha hodi tangu mazishi ya mumewe.

Jirani akafungua. Akaona kigae. Akatazama kule, moshi unatoka juu ya paa. "Minza, mbona kwako moto unawaka?"

"Unawaka," akasema Minza. "Nipe wako."

Jirani akasogea kando, akampisha aingie.

Basi, Holo, kesho unaondoka kwenda kwa mumeo. Maneno yangu nimekufungia pamoja na hayo maharage. Lakini mimi naijua nyumba hii tu, huko uendako sikujui. Ukiona neno langu linakufungia mlango, liweke chini, usiogope, sitakasirika. Na kigae usisahau.

Kisa nakiacha hapa jikoni, bado kina joto. Mwenye kigae na achote. Mimi nimenyamaza.