Msiba wa Laki Sita

Hamjambo wote! Tulieni basi, na wewe mwenye kikohozi kunywa maji kwanza.

Chama cha kuzikana kilikuwa na mwenyekiti tajiri, Bwana Mgonja. Siku ya mkutano wa mwaka alimvuta pembeni mweka hazina, Bi Nambua, aliyehitimu kisomo cha ngumbaru majuzi tu.

"Saini hesabu hizi. Ukikataa, uhazini basi!"

Nambua akasoma kwa kidole. "Ma-zi-shi ya ma-ma mkwe wa mwe-nye-ki-ti, la-ki si-ta. Masikini! Nasaini, Mwenyekiti. Ila msiba utangaze mwenyewe, mimi kusoma bado kunanishinda."

Mgonja akasimama mbele ya wanachama, akatangaza kifo cha mkwewe, mpaka akajifuta machozi.

"Pole sana," alisema Nambua. "Desturi yetu mfiwa tunampikia. Jana ulisahau karatasi zako mezani, nikazisoma zote, nikakutafutia mpishi. Mama, njoo!"

Jikoni akatoka mama mkwe, mwiko mkononi. "Haya mwanangu, umenizika wapi?"

Mgonja alizitoa mfukoni laki sita zote, akazimwaga mezani, akatorokea dirishani.

Nami naondoka, pilau imeiva. Nikishiba nitarudi.