Fomu ya Bi Mwanatumu

Wakala wa bima alimwambia Bi Mwanatumu wa Pangani kwamba anaweka akiba ya kwenda Hija. Kumbe alimuuzia bima ya maisha, ambayo hailipi mpaka mwenyewe azikwe. Miaka mitatu pensheni yake ikawa inakatwa. Binti yake Siwatu, muuza vitumbua, akaenda ofisini kudai fedha zirudi.

Meneja, Bwana Shekilindi, hata kiti hakumpa.

"Mama yako alitia dole gumba. Kusoma fomu ni wajibu wa mteja."

"Hajui kusoma, bosi."

"Hilo si langu."

Siwatu akajifanya mnyonge. "Basi atahiji akiwa kaburini. Ila nyumbani wanasema fomu mmeijaza uongo. Niandikie kuwa yote ni kweli, nikawazibe midomo."

Meneja akacheka kwa dharau. Akaandika kwamba fomu ameihakiki mwenyewe, neno kwa neno, akasaini na kugonga mhuri.

Siwatu akaitia barua mkobani, ndipo akavuta kiti, akakaa.

"Bima hii haiuzwi kwa aliyepita miaka sitini, siyo? Mama ana sabini na nane. Wakala wenu kamwandika arobaini na tisa. Ukurasa wa tatu, penye mrithi, kaniandika mimi, mtoto wa kumzaa: hamsini na nne! Nawe umetia sahihi kuwa ni kweli. Niipeleke kwa wakubwa zenu?"

Meneja akaita chai upesi.

"Chai kunywa mwenyewe, huku ukijifunza kusoma. Mimi nipe hundi ya mama."