Wageni Wetu Wapendwa

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya mchungaji mmoja lilikuwa kumenya vitunguu saumu. Mkewe alikuwa jikoni na jirani yao, mama wa Kihindi anayeshona nguo. Ungo katikati yao, redio dirishani. Jirani alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kama alivyoingia kwa miaka ishirini na sita.

"Shoga, mumeo huyo!" alisema. "Leo kawa mtu wa redio. Kesho atatusalimia kwa barua."

Walicheka. Redioni mchungaji alikuwa akisoma tamko la kamati ya viongozi wa dini. Wiki ile duka la Mhindi mmoja lilipigwa mawe, na kamati ilitaka kutuliza watu. Tamko lenyewe lilichukua vikao vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya kubishana jina la nani litangulie. Likasomwa hivi: "Tunawasihi wananchi waishi kwa upendo na jamii ya Kihindi, ambao ni wageni wetu wapendwa."

Jirani aliweka kisu chini. Bibi yake alizaliwa mtaa uleule. Akasema ana nguo ya kumalizia, akaondoka kwa mlango wa mbele.

Jioni mke aliuliza, "Baba, umemwita nani mgeni?"

"Ni neno la heshima, mama. Mgeni hupewa kiti kizuri."

"Na huulizwa anaondoka lini. Nenda kamwombe radhi."

"Tamko ni la kamati. Nitalipeleka kwenye kikao kijacho."

Mnasikia, ndugu zangu? Mama aliyemkosea anaishi nyumba ya pili, naye mchungaji anangoja kikao! Kikao kikaahirishwa. Siku ya tisa mke alianguka uani, hakuamka tena.

Turubai likafungwa, viti vikapangwa. Jikoni wanawake wakaulizana jirani yuko wapi, maana mtaa mzima ulijua kwamba penye msiba sufuria kubwa ni lake, na kipimo cha mchele anacho yeye. Kumbe alikuwa mbele. Alikuwa amepiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani.

Mchungaji akamwendea. "Mama, jikoni wanakutafuta."

"Jikoni, baba? Mgeni anaingiaje jikoni kwa watu?" Hakusema kwa hasira. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Nimekuja kutoa pole. Wakipakua, nitakula."

Nawauliza: nani alimzuia mama yule asimpikie shoga yake kwa mara ya mwisho? Waliorusha mawe? Mawe yao yaliishia dukani. Kilichofika jikoni ni neno la mtumishi wa Mungu, limesainiwa na kupigwa muhuri, na watu wakampongeza kwa kulisema.

Sisi viongozi tumechosha watu kwa matamko. Tunalaani, tunasihi, tunapiga picha ya pamoja tumeshikana mikono, kisha kila mmoja anarudi kwake bila kujua jirani yake kaamkaje. Nanyi msitabasamu huko nyuma. Mkisema "sisi" sokoni, mkisema "sisi" hapa kanisani, mnaishia kwenye mlango wa nani? Aliyezaliwa mtaani kwenu, aliyewashonea sare za watoto na kuwazikia wazazi, mnamhesabu lini?

Pilau la siku ile liliungua chini, juu likabaki bichi. Waombolezaji walilila hivyohivyo.

Msiniulize mchungaji huyo ni nani. Asubuhi iliyofuata hakwenda redioni, wala hakuitisha kikao. Alipita uani hadi mlango wa nyuma wa jirani yake, na hakupiga hodi. Alisimama kizingitini.

"Nilikosa, mama," alisema. "Kesho tunaondoa matanga. Nimefuata sufuria, na mwenye sufuria."